Mashine yachora mandhari, lakini sifa ni za nani?

HUENDA umemwona kijana wako akipiga picha barabara ya mtaani kwa simu, akabonyeza mara moja tu, na papo hapo barabara ile ikageuka kuwa mandhari ya katuni za Kijapani, maarufu kama anime. Mbingu inakolea samawati, mawingu yanajaa kama pamba, na hata mabati ya kibanda cha mboga yanang'aa.

Huo si uchawi. Mwaka wa 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, Uchina, na mwenzao wa Cardiff, Uingereza, walitangaza programu waliyoiita CartoonGAN.

Ndani yake mna sehemu mbili zinazoshindana. Moja ni kama mwanafunzi wa uchoraji, na nyingine ni kama mkaguzi mkali. Mwanafunzi hupewa picha ya kawaida ajaribu kuigeuza katuni. Mkaguzi, ambaye ameonyeshwa maelfu ya katuni halisi, humkataza kila anapogundua kazi ni bandia.

Mkaguzi alionyeshwa pia katuni ambazo kingo zake zilififishwa, akafunzwa kuzikataa. Kwa hivyo mwanafunzi alilazimika kujifunza kukaza mistari. Hurudia hivyo mara nyingi mno, mpaka mkaguzi atatizike kutofautisha.

Lakini msomaji, hebu jiulize: katuni hizo halisi zilitoka wapi? Zilichukuliwa katika filamu za Wajapani kama Makoto Shinkai na Hayao Miyazaki. Za mtindo wa Shinkai pekee zilizidi 4,000. Nyuma ya kila moja kuna mkono wa mtu.

Chukua mfano wa Kazuo Oga, aliyesimamia sanaa ya filamu ya My Neighbor Totoro ya mwaka wa 1988. Mashamba, miti mikubwa na nyasi za kando ya njia zilichorwa kwa brashi na rangi juu ya karatasi. Mwaka wa 2007, watu walimiminika katika jumba la sanaa jijini Tokyo kuitazama michoro yake.

Januari 2023, Netflix ya Japani ilitoa filamu fupi, The Dog & The Boy, ambayo mandhari yake ilitengenezwa kwa akili bandia. Kampuni hiyo ilisema hilo ni jaribio la kusaidia sekta yenye upungufu wa wafanyakazi.

Wachoraji walikuja juu. Walisema tatizo si uhaba wa watu bali malipo duni. Isitoshe, katika orodha ya majina mwishoni, mahali pa mchoraji wa mandhari paliandikwa "AI (+Human)", yaani akili bandia, pamoja na binadamu. Binadamu huyo hakutajwa jina.

Wahenga walisema, mgala muue na haki umpe. Mashine ina kasi ambayo hakuna brashi itakayoifikia, lakini ilichojifunza ni jasho la wengine.

Mzazi, usimpokonye mwanao simu. Mpe penseli na karatasi, aichore barabara ile ile kwa mkono wake, kisha mlinganishe michoro hiyo miwili. Mwulize ni kipi alichokiona yeye ambacho mashine haikukiona. Na akimaliza, mwambie aandike jina lake chini.