Akiba ya Maji: Chagua Chombo Kwanza

Akiba haiozi, husema wahenga; lakini akiba ya maji huharibika upesi ikitiwa katika chombo kibaya. Neno hilo lawahusu sana wakazi wa Kismayu na wa visiwa vya Wabajuni, kama vile Chula, Chovai na Koyama. Visiwa hivyo ni vya mawe ya matumbawe, havina mto, na maji matamu ya visimani huelea juu ya maji ya chumvi kama utando mwembamba. Yakitekwa kwa pupa, chumvi hupanda.

Miaka ya karibuni imetoa funzo kali. Misimu mitano ya mvua mfululizo, tangu vuli ya mwaka 2020 hadi vuli ya mwaka 2022, ilikuwa haba katika Somalia. Mwishoni mwa mwaka 2023 mambo yakageuka: mvua za El Nino zikafurisha bonde la Mto Juba, kama ilivyokuwa mwaka 1997. Ukame hukausha kisima. Mafuriko hukichafua na kuleta kipindupindu. Katika hali zote mbili, nyumba yenye akiba safi ya siku tatu huweza kungoja msaada bila ya kunywa maji ya hatari.

Kila mtu atengewe lita 4 kwa siku, za kunywa na kupikia. Jamaa ya watu 6 yahitaji lita 72 kwa siku 3, yaani madumu 4 ya lita 20.

Mtungi, debe au dumu?

Mtungi wa udongo hupoza maji vizuri, lakini mdomo wake mpana hukaribisha mikono na kata zenye uchafu. Debe la bati hushika kutu. Pipa la lita 200 lafaa kwa kufulia na kuogea. Likijaa lina uzito wa kilo 200, wala halihamishiki maji ya mafuriko yakibisha hodi. Baba akiwa zamu kambini, mama na watoto ndio watakaobeba. Kwa hiyo chombo bora cha maji ya kunywa ni dumu la plastiki safi, lenye mdomo mwembamba na kifuniko kinachokaza. Katika kambi ya wakimbizi ya Nyamithuthu, Malawi, mwaka 1993, nyumba zilizopewa ndoo zenye kifuniko na mdomo wa kumiminia zilionekana kuwa na upungufu wa kiasi cha asilimia 31 wa kuhara kwa watoto wadogo.

Dumu lenyewe lina asili ya kijeshi. Lilibuniwa Ujerumani katika miaka ya 1930 kwa ajili ya petroli, na askari wa Uingereza, waliozoea kuwaita Wajerumani "Jerry", wakaliita jerikeni. Na hapo ndipo hatari ilipo: dumu la petroli ya mashine ya mashua na dumu la maji hufanana kama mapacha. Plastiki hunywa petroli, na hapana sabuni wala klorini iwezayo kuitoa. Dumu lililowahi kutiwa petroli, mafuta ya taa au dawa ya wadudu lisitiwe maji ya kunywa hata siku moja. Lipigwe alama ya rangi nyekundu na kuwekwa mbali na jiko.

Usafi na utunzaji

Dumu lioshwe kwa sabuni na kusuuzwa. Kisha litikiswe na maji yenye klorini ya kufulia isiyo na manukato, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, yamwagwe, na dumu likauke. Maji maangavu ya kunywa yatiwe matone 2 ya klorini hiyo kwa kila lita, yaani matone 40 kwa dumu la lita 20, na yakae nusu saa. Maji yaliyochafuka yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, na matone yawe maradufu. Klorini huua vijidudu, lakini haiondoi chumvi.

Madumu yawekwe kivulini, juu ya ubao, na maji yabadilishwe kila miezi 6: kabla ya masika na kabla ya vuli. Askari hangoji adui afike ndipo akague silaha yake. Nayo nyumba isingoje kisima kikauke ndipo itafute dumu.