Fahamu: Jinsi ya kukagua jiko la makaa ya mawe lililotoka nje ya nchi

Tanzania inazipa msukumo nishati mbadala wa kuni na mkaa, yakiwemo makaa ya mawe yaliyochakatwa ya Shirika la Madini la Taifa (STAMICO), Rafiki Briquettes. Ukiuziwa jiko geni la makaa ya mawe, usitazame rangi na bei pekee.

Hatari ni ipi?
Makaa yasiyopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua hata aliyelala. Mwaka 2014, Shirika la Afya Duniani lilishauri makaa ya mawe yasiyochakatwa yasitumike majumbani.

Nikague nini?
- *Wavu:* Makaa ya mawe huhitaji hewa kutoka chini. Wavu uwe mzito, na majivu yaanguke kwa urahisi.
- *Mlango:* Bana karatasi mlangoni jiko likiwa baridi. Ikichomoka bila kukaza, mlango unavuja.
- *Bomba la moshi:* Maungio yakaze, na bomba litokeze juu ya paa. Kidhibiti cha moshi kisizibe njia yote.
- *Bati:* Salfa ya makaa hula chuma chembamba. Chagua jiko lenye kuta nene au matofali ya moto ndani.

Nyaraka je?
Dai cheti cha majaribio kinachotaja aina hiyohiyo ya jiko na makaa, kisha hakiki alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Jiko lisilo na bomba la moshi wala cheti lisiingie ndani ya nyumba yako.