Je, Wajua? Ujiji, Mji Uliokimbiwa na Ziwa

Ukishuka Kigoma, mwisho wa reli, Ujiji iko kilomita chache tu kusini. Wageni wengi huenda moja kwa moja kwenye mnara wa Livingstone, wakapiga picha chini ya mwembe, wakageuza. Wanakosa mengi.

Je, wajua kwamba mwandishi wa habari Stanley alipomkuta mpelelezi Livingstone hapa mwaka 1871, aliyetangulia kumsalimu kwa Kiingereza hakuwa Livingstone? Alikuwa Abdullah Susi, mtumishi wake kutoka Shupanga, Msumbiji. Alitoka mbio kumlaki mgeni, akamsabahi, akarudi mbio kumpasha bwana wake habari. Salamu ya Stanley kwa Livingstone inajulikana dunia nzima. Ya Susi nani anaikumbuka? Mwaka 1873 Livingstone alipofia Zambia ya leo, ni Susi na mtumishi mwenzake James Chuma walioongoza msafara ulioubeba mwili wake mpaka Bagamoyo. Na hiyo siku ya kukutana yenyewe ina utata: Stanley aliandika 10 Novemba, ilhali shajara ya Livingstone inaangukia mwishoni mwa Oktoba. Safari ndefu na homa ziliwavuruga hesabu.

Je, wajua kwa nini mnara uko mbali na maji, wakati Ujiji ya zamani ilikuwa ufukweni? Ziwa lilihama. Mto Lukuga, upande wa Kongo, ndio mlango wa pekee wa maji ya Ziwa Tanganyika kutoka, na enzi hizo ulikuwa umezibwa na udongo na majani. Maji yakapanda mwaka baada ya mwaka, mpaka mnamo 1878 yakaupasua mlango. Katika miaka kama kumi na mitano iliyofuata, ziwa lilishuka takriban mita 10. Mji ukabaki nyuma umesimama.

Usidhani limekauka, lakini. Kina chake kinafika mita 1,470. Duniani ni Baikal peke yake linalolizidi. Ajabu ni kwamba kule chini hakuna hewa ya oksijeni, kwa hiyo samaki wote wamebanana kwenye tabaka la juu. Ndiyo maana mwenye miwani ya kuzamia, pale ufukwe wa Jakobsen, Kigoma, haendi mbali: anainamisha kichwa tu, na samaki wa mawe, milia na madoa, wanampita puani.

Mpenda kutembea apande boti Kibirizi aelekee Gombe, alikofikia Jane Goodall mwaka 1960 kuwachunguza sokwe.

Ila jioni urudi ufukweni. Kwenye changarawe utakuta akina mama wakikusanya dagaa waliowaanika tangu asubuhi, na giza likiingia taa za wavuvi huwaka ziwani moja moja, mpaka ukadhani ng'ambo kuna mji mwingine. Ukifika wakati wa mbalamwezi hutaziona: mwezi ukiwaka, dagaa hawaifuati taa, na mitumbwi hulala nchi kavu.