Tarakimu za jana ndani ya barua ya leo

Wafanyabiashara wengi hutunza bei zao katika lahajedwali, na barua, profoma na taarifa za wanachama huziandika katika programu nyingine ya kuandikia. Kila wiki karani hunakili jedwali upande mmoja na kulibandika upande wa pili. Ni kazi ya dakika chache, lakini ndipo fedha zinapopotelea.

Chukua mfano wa muuza saruji ambaye bei ya mfuko ilikuwa shilingi 16,000 siku ya Jumatatu, ikapanda kufikia shilingi 17,500 Alhamisi. Lahajedwali imerekebishwa, lakini profoma ya mifuko 600 inatoka Ijumaa ikiwa na jedwali lililobandikwa Jumatatu. Mteja akiikubali, muuzaji amejifunga kwa hasara ya shilingi 900,000.

Makampuni makubwa nayo hayakunusurika. Mwaka 2003 kampuni ya umeme ya TransAlta ya Canada ilipoteza dola za Marekani milioni 24 kutokana na kosa la kukata na kubandika katika lahajedwali ya zabuni. Nayo benki ya JPMorgan Chase, iliyopata hasara ya zaidi ya dola bilioni 6 katika ofisi yake ya London mwaka 2012, ilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2013 kuwa modeli mpya ya kupimia hatari ilitegemea lahajedwali zilizojazwa kwa mkono, kwa kunakili data kutoka moja hadi nyingine. Kunakili hakukuwa chanzo pekee cha hasara hiyo, lakini hakuna mkaguzi ambaye angeupenda utaratibu wa namna hiyo.

Njia iliyopo ni kuunganisha badala ya kubandika. Katika programu za Microsoft, mhusika hunakili jedwali lake katika Excel, kisha akiwa ndani ya Word huchagua 'Paste Special' na baadaye 'Paste link'. Tangu hapo Word huhifadhi mambo mawili: sura ya tarakimu za mwisho, na anwani ya mahali zilikotoka, yaani faili, ukurasa na visanduku vyake. Tarakimu zikibadilika katika Excel, Word huweza kuzifuata. Teknolojia hii inayoitwa OLE si ngeni, kwani Microsoft iliitoa mwaka 1990.

Kuunganisha kusichanganywe na kupachika. Anayepachika lahajedwali huiingiza nzima ndani ya hati. Mteja anayeipokea hati hiyo akibofya jedwali mara mbili, anaweza kufungua kurasa zote, pamoja na ule wenye bei ya kununulia na faida ya muuzaji. Majadiliano ya bei yakifika hapo, muuzaji hana la kuficha.

Matatizo ya viungo huanza pale faili zinapowekwa katika hifadhi ya pamoja ya mtandaoni, kama OneDrive. Kikundi cha uwekezaji ni mfano mzuri. Mweka hazina anatunza lahajedwali ya hisa na gawio, katibu anaandika taarifa ya mwezi, na wote wanatumia folda moja. Katibu anaunganisha jedwali na kila kitu kinakwenda sawa. Mwezi unaofuata katibu msaidizi anafungua hati hiyo hiyo katika kompyuta yake, na Word inamwambia kuwa faili la chanzo halionekani.

Folda haijapotea. Kilichotokea ni kwamba kiungo kiliandika njia kamili ya faili kama ilivyo katika kompyuta ya katibu, na ndani ya njia hiyo mna jina la katibu mwenyewe kama mtumiaji wa mashine. Katika kompyuta ya msaidizi njia hiyo haipo. Folda inaweza kuwa ya pamoja, lakini kila mashine inaiita kwa anwani yake.

Kinachosaidia ni kiungo kibebe anwani ya mtandaoni ya faili, ile inayoanza na 'https', badala ya ile inayoanza na 'C:'. Anwani hukaguliwa na kubadilishwa kwenye orodha ya viungo, 'Edit Links to Files', iliyo katika ukurasa wa 'Info' chini ya menyu ya 'File'. Hata hivyo, kila anayehuisha lazima awe ameruhusiwa kulifungua faili hilo na awe ameingia kwa akaunti yake. Aidha, mtu akilibadilisha jina faili la chanzo au akilihamishia folda nyingine, kiungo hukatika. Word inayofunguliwa ndani ya kivinjari nayo huonyesha tarakimu za mwisho tu, haihuishi kiungo.

Mtego mwingine uko katika visanduku. Kiungo hukariri mahali, kwa mfano mstari wa 1 hadi wa 12. Mweka hazina akiongeza hisa ya kampuni mpya katika mstari wa 13, taarifa itatoka bila hisa hiyo, na hakuna onyo litakaloonekana. Kosa hili ni baya kuliko la kiungo kilichokatika, maana kilichokatika angalau hulalamika. Heri kulipa eneo lote la jedwali jina katika Excel, kisha kubonyeza Alt na F9 katika Word ili maandishi ya kiungo yaonekane, na kuliandika jina hilo mahali pa namba za mistari. Mistari mipya ikiingizwa katikati ya eneo lenye jina, eneo hutanuka pamoja nayo.

Hati yenye kiungo ikifunguliwa, Word huuliza kama mtumiaji anataka kuhuisha. Kwa hati ya ofisini jibu ni ndiyo. Kwa hati iliyotoka kwa mtu asiyejulikana jibu ni hapana: mwaka 2017 wahalifu walitumia njia kongwe ya kuunganisha, DDE, kupenyeza programu haribifu, hata Microsoft ikaizima ndani ya Word mwezi Desemba mwaka huo.

Lipo jambo ambalo wafanyabiashara hulisahau zaidi. Profoma yenye kiungo hai, ikifunguliwa mwaka mmoja baadaye ili kumaliza ubishi na mteja, inaweza kuonyesha bei za siku hiyo badala ya zile alizoahidiwa mteja. Tarehe ya barua ni ya zamani, bei ni mpya, na ushahidi umekwisha. Kwa hiyo kabla ya kutuma, karani ahuishe kwa F9, alinganishe jumla na lahajedwali, kisha atoe nakala ya PDF na kuihifadhi pamoja na namba ya profoma. Asiyetumia PDF anaweza kukata viungo katika nakala ya kutuma kwa kuichagua hati yote na kubonyeza Ctrl, Shift na F9 kwa pamoja. Nakala yenye viungo hai hubaki ofisini kwa ajili ya wiki inayofuata.

Wanaotumia Docs na Sheets za Google wana utaratibu mwepesi zaidi. Jedwali likibandikwa, programu huuliza kama liunganishwe, na chanzo kikibadilika kitufe cha kuhuisha hutokea juu yake. Lakini mtu lazima akibonyeze. Asipofanya hivyo, bei za Jumatatu zitatoka Ijumaa vilevile.