Unaweka Tangi Ndogo ya Matumbawe kwa Keja? Cheki Taa Kabla Utoe Doo

Wasee wengi hukimbilia taa kali kuliko zote. Maze, hapo ndio ganji hupotea.

Tumbawe si mmea, ni mnyama. Lakini ndani yake kunaishi mwani mdogo sana, na huo ndio humpikia kwa kutumia mwangaza, hasa ule wa bluu, juu ndio hufika chini baharini. Balbu ya njano ya nyumba itakuoteshea tu uchafu wa kijani kwa glasi.

Sasa tangi ya lita 20 ni fupi. Taa iko karibu sana, na ikizidi, tumbawe hutema ule mwani, linabaki jeupe, halafu linakufa njaa.

So tafuta LED ndogo ya bluu na nyeupe, yenye unaweza punguza nguvu. Anza chini, ongeza polepole kwa wiki kadhaa. Masaa 8 hadi 10 kwa siku yanatosha, so weka taima.

Joto la maji lisipite digrii 27. Maji yakipungua, ongeza yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi haiendi na mvuke.

Kama ndio unaanza, chukua matumbawe laini. Acropora wachia wenye wamezoea.