Kadi Nafuu Mbele ya Televisheni ya 4K

Kijana wa Pugu anayetaka kucheza gemu kwenye kompyuta kwa kawaida huanzia Kariakoo. Hununua kompyuta ya mtumba ya ofisini, aghalabu Dell OptiPlex au HP, kisha hutafuta kadi ya grafiki ya bei nafuu ya kuchomeka ndani yake. Nyumbani tayari kuna televisheni ya inchi 43 iliyoandikwa 4K kwenye boksi lake. Anamuuliza muuzaji: kadi hii itabeba 4K? Muuzaji anajibu ndiyo, na hadanganyi, maana kadi yenye tundu la HDMI 2.0 hupeleka picha ya 4K kwenye kioo mara 60 kwa sekunde bila taabu. Lakini kuipeleka picha na kuichora ni kazi mbili tofauti. Kadi nafuu huiweza ile ya kwanza, na ile ya pili mara nyingi huishinda nguvu. Hata hivyo, kwa televisheni ya sebuleni, hiyo ya kwanza pamoja na msaada kidogo inatosha kabisa, ilimradi mnunuzi aangalie memori ya kadi kabla ya kuangalia jina lake.

Tuanze na hesabu. Picha ya 1080p ina pikseli 1920 kwa 1080, yaani milioni 2 na ushei. Ya 4K ina 3840 kwa 2160, milioni 8.3, mara nne kamili. Ili gemu litiririke kwa fremu 60 kwa sekunde, kila fremu inapewa milisekunde 16.7 tu, na ndani ya muda huo kila pikseli lazima ikokotolewe mwanga wake, kivuli chake na rangi yake. Watengenezaji wenyewe wanalijua hilo. AMD ilipoitoa RX 6600 mwaka 2021 kwa dola 329, iliitangaza kuwa kadi ya 1080p. Nvidia ilifanya vivyo hivyo kwa RTX 4060 ya mwaka 2023. Ukiilazimisha RX 6600 kuchora Cyberpunk 2077 kwa 4K halisi na mipangilio ya juu, inashuka chini ya fremu 30, na mchezaji anaona kabisa jinsi gemu linavyostaki kila anapogeuza kona.

Kinachoumiza zaidi, na wanunuzi wengi hawakiulizi, ni memori. Gemu za leo hujaza memori ya kadi kwa picha za kuta, nguo, nyuso na majani, na kadiri pikseli zinavyoongezeka ndivyo nafasi inavyozidi kuhitajika. Ikijaa, kadi inaanza kuazima nafasi kwenye RAM ya kompyuta, na hapo ndipo kompyuta ya mtumba inapomwangusha mwenyewe. RX 6600 husoma memori yake kwa kasi ya gigabaiti 224 kwa sekunde, lakini kwenda RAM inatumia njia nane tu za PCIe, ambazo kwenye OptiPlex ya mwaka 2017 hupitisha takribani gigabaiti 8 kwa sekunde. RX 6500 XT ya mwaka 2022 ni mbaya zaidi kwa mazingira yetu: memori gigabaiti 4, njia nne tu. Kwenye kompyuta mpya ilijikongoja, na kwenye za zamani upungufu wake ulidhihirika wazi. Kadi ya namna hiyo inavutia kwa sababu ni ya karibuni na bei yake iko chini, lakini kwa mashine ya mtumba mimi siipendekezi kabisa.

Wapo watakaopinga: mbona kadi ndogo inacheza mpira kwa 4K vizuri tu? Ni kweli, na haivunji hoja. Uzito wa kazi haupimwi kwa idadi ya pikseli peke yake, bali pia kwa jasho linalotoka juu ya kila pikseli. Gemu la mpira lina uwanja mmoja, wachezaji 22 na kamera iliyo mbali. GTA V ilitengenezwa mwaka 2013 kwa ajili ya PlayStation 3 na Xbox 360, mashine zenye memori ya megabaiti 512 kila moja, kwa hiyo haishangazi kadi ya gigabaiti 8 ikiimudu kwa 4K mtu akipunguza mipangilio kidogo. Kwa gemu hizo, ambazo ndizo zinazochezwa zaidi mitaani kwetu, jibu la muuzaji ni sahihi. Kosa ni kulichukua jibu hilo na kulibebesha gemu zote.

Kwa gemu nzito kuna njia nyingine: kuchora picha ndogo, kisha kuikuza. Tangu Juni 2021 AMD imetoa FSR, programu inayofanya hivyo hata kwenye kadi za zamani kama GTX 1060, tofauti na DLSS ya Nvidia inayohitaji kadi za RTX. Katika hali ya kasi ya FSR, kadi huchora 1080p na programu hujaza robo tatu iliyobaki ya pikseli. Wachezaji wakali husema huo ni udanganyifu, 4K ya kubandika. Lakini PlayStation 4 Pro ya mwaka 2016, iliyouzwa kwa jina la 4K, ilitegemea mbinu za jamii hiyo katika gemu zake nyingi, na watu waliifurahia. Halafu kuna suala la jicho lenyewe. Mtu mwenye macho mazima hutenganisha nukta mbili zikiachana kwa takribani sehemu moja ya sitini ya digrii. Televisheni ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95 hivi, kwa hiyo pikseli moja ya 1080p ina nusu milimita, na ukikaa mbali zaidi ya mita 1.7 hutaziona pikseli hizo mojamoja. Kochi la sebuleni liko huko, na benchi la banda la gemu huwa huko pia. Kwa umbali huo, 4K halisi inatumia nguvu nyingi kuchora kitu ambacho macho yanakipokea kwa shida. Anayekaa sentimita 60 mbele ya kioo kikubwa cha mezani ana malalamiko ya haki, na huyo anahitaji kadi nyingine.

Wengine watauliza kwa nini wasinunue RX 580 iliyotumika. Toleo kubwa la kadi hiyo ya mwaka 2017 lina gigabaiti 8, njia kumi na sita na kasi ya gigabaiti 256 kwa sekunde, na nyingi zilimwagika sokoni baada ya Septemba 2022, sarafu ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki. Kwa memori, inafaulu. Lakini inakula wati 185, na pawa saplai ya OptiPlex nyingi ni ya wati 240 au karibu na hapo, tena haina waya wa umeme wa kadi. Mnunuzi atalazimika kubadilisha pawa saplai, na mara nyingi boksi zima la kompyuta. Kwa saa nne za gemu kila siku, kadi hiyo peke yake humaliza uniti 22 za umeme wa LUKU kwa mwezi, ikilinganishwa na 16 za RX 6600 na 9 za GTX 1650, ambayo mara nyingi haihitaji waya wa ziada lakini ina gigabaiti 4 tu na inafaa ibaki kwenye 1080p. Mwenye boksi kubwa na pawa saplai nzuri atafute RX 6600, hata ya mkononi, aichezee 1080p au akuze picha kwa FSR. Na kwa kuwa kadi iliyochimba sarafu hufanya kazi usiku na mchana, asiichukue kwa kuiona inawaka tu. Amwombe muuzaji aiendeshe kwa gemu zito kwa dakika ishirini pale pale dukani, asikilize kama feni zinakwaruza, na aangalie kama vidoadoa vya rangi vinajitokeza kwenye kioo kadi ikishapata moto.