Wasifu Unaoandikwa na Wengi: Istilahi za Wahariri wa Kamusi Elezo ya Mtandaoni

Miongoni mwa maswali yanayoletwa mezani petu na wafasiri, lipo moja ambalo limetushughulisha kuliko tulivyotazamia. Mfasiri aliyepewa kazi ya kutafsiri mwongozo wa wahariri wa kujitolea wa Wikipedia, ile kamusi elezo ya mtandaoni, alikuta humo neno la Kiingereza linalotaja sharti la kwanza ambalo mtu hana budi kulitimiza ili aandikiwe wasifu. Akalifasiri "umaarufu". Kamusi alizokuwa nazo zilimruhusu. Mwongozo huo ulipotumiwa katika semina ya walimu, washiriki wengi wakaandika habari za waimbaji na wachezaji wa mpira. Mwalimu mmoja akaandika habari za mkunga wa kijiji chake, mwanamke anayejulikana wilaya nzima, akaona makala yake yamefutwa. Akauliza, na kwa haki kabisa: "Kwetu sisi, ni nani aliye maarufu kuliko huyu?" Hakuna aliyeweza kumjibu, maana jibu lilikuwa limepotea katika tafsiri.

Katika makala haya tutajaribu kueleza jinsi wahariri hao wanavyojadiliana na kusahihishana hadi wasifu wa mtu ukasimama, na papo hapo kupendekeza istilahi ambazo mfasiri anaweza kuzitumia bila ya kumpoteza msomaji.

Wikipedia ilianza Januari 2001 kwa lugha ya Kiingereza, na ile ya Kiswahili ikaanzishwa mwaka 2003. Haina mhariri mkuu wa kupitisha au kukataa, wala waandishi wake hawalipwi. Nyuma ya kila makala zipo kurasa mbili ambazo msomaji wa kawaida aghalabu hazifungui. Ya kwanza ni ukurasa wa majadiliano, ambamo wahariri huulizana na kubishana. Ya pili ni ukurasa wa historia, ambamo kila badiliko huhifadhiwa pamoja na tarehe, saa na jina la aliyelifanya. Kwa hiyo hakuna neno linalofutika kabisa mbele ya macho ya wengine: mtu yeyote aweza kulinganisha nakala mbili, ya jana na ya leo, na akiona ya leo imeharibu, akairudisha ya jana. Tendo hili la mwisho tunapendekeza liitwe "kutengua", kwa kuwa neno hilo tayari lina maana hiyo mahakamani, ambako hukumu hutenguliwa bila ya kufutwa katika kumbukumbu. Wahariri wawili wanapotengua kazi zao kwa zamu, Kiswahili kina kauli ya kutendana iliyo tayari, nayo ni "kutenguana", na hapana haja ya kuleta vita katika jambo hili kama wafanyavyo Waingereza. Katika Wikipedia ya Kiingereza, mhariri hukatazwa kutengua zaidi ya mara tatu katika makala moja ndani ya saa 24, na akivuka kiwango hicho aweza kuzuiliwa na wale ambao Wikipedia ya Kiswahili inawaita "wakabidhi". Neno hili limetupendeza. Wanasheria wanalijua katika cheo cha Kabidhi Wasii, mtu aliyekabidhiwa mali isiyo yake ili aitunze, na ndivyo walivyo hao, kwani hawana mamlaka juu ya yaliyomo kuliko mhariri mwingine yeyote.

Tuje sasa kwenye neno "wasifu" lenyewe. Msomaji ataona mara moja kuwa ndani yake mna "sifa" na "kusifu". Tena katika mazoea yetu wasifu husomwa zaidi msibani: marehemu alizaliwa, akasoma, akatumikia taifa kwa uadilifu, ameacha mjane na watoto kadhaa. Mwandishi mgeni anapoketi kuandika wasifu kwa ajili ya kamusi elezo, lugha hiyo humjia yenyewe, na huwa hana habari kwamba amesifu. Wahariri wenzake humwondolea "shupavu", "mahiri" na "mpendwa wa watu", naye hudhani wanamchukia mtu wake. Tulifikiria kulikwepa neno hili na kusema "habari za maisha", lakini limekwisha kaa mno katika vitabu vya shule. Libaki, ila mwalimu awaambie wanafunzi wake kuwa wasifu wa kamusi elezo si ule wa kaburini.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika lile sharti la kwanza. Neno la Kiingereza lina mzizi wa Kilatini wenye maana ya alama, yaani jambo ambalo watu wameliona wakaliandika pembeni. Halisemi kuwa mtu anajulikana na wengi, wala kuwa ametenda makuu. Linauliza tu kama watu wasiomhusu, wasio jamaa wala waajiri wake, wamekwisha kuandika habari zake kwa kirefu mahali panapoaminika. Mfano ulio wazi ni wa Donna Strickland, mwanafizikia wa Kanada. Mwaka 1985 yeye na Gérard Mourou walichapisha njia ya kuzalisha mapigo mafupi mno ya mwanga wa leza yenye nguvu nyingi, njia ambayo matumizi yake yamefika hata kwenye upasuaji wa macho. Mnamo Mei 2018 rasimu ya wasifu wake katika Wikipedia ya Kiingereza ilikataliwa, kwa hoja kwamba marejeo yaliyotolewa hayakutosha kuonyesha kuwa anastahiki. Tarehe 2 Oktoba mwaka huo huo ikatangazwa kuwa yeye, Mourou na Arthur Ashkin wamepata Nobeli ya fizikia. Alikuwa mwanamke wa tatu kuipata katika fani hiyo, baada ya Marie Curie mwaka 1903 na Maria Goeppert Mayer mwaka 1963. Siku hiyo hiyo makala yake yakawapo.

Lawama zilikuwa nyingi, na nyingine zilikosea shabaha. Aliyeikataa rasimu hakusema kuwa Strickland si mwanasayansi hodari. Alisema kuwa watu wa mbali hawajaandika juu yake. Kamusi elezo ya namna hii ni kama mwezi, haina mwanga wake: pale ambapo magazeti na vitabu vimemnyamazia mtu, nayo hunyamaza, na magazeti yamewanyamazia wanawake zaidi kuliko wanaume. Mkunga wa mwalimu wetu yu katika hali hiyo hiyo, tena yake ni ngumu zaidi, kwa kuwa habari zake zimo midomoni mwa watu, na kanuni hizi hazipokei ushahidi wa mdomo usiochapishwa popote. Sisi tunaona kanuni hiyo inatubana kupita kiasi watu ambao historia yao nyingi haikuandikwa. Hata hivyo kazi ya mfasiri ni kuieleza kama ilivyo. Angaliambiwa tangu mwanzo kuwa linalotakiwa ni "ustahiki wa kuandikwa", na kwamba ustahiki huo hupimwa kwa maandishi ya wengine, yule mwalimu asingalifunga daftari lake kwa hasira. Pengine angalitafuta kwanza gazeti la kumwandika mkunga. Kwa hiyo tunapendekeza "ustahiki", na tunaomba "umaarufu" uachwe katika muktadha huu.

Sharti la pili tunaliita "uthibitikaji". Wapo waliotumia "uthibitisho", lakini huo ni kitu kilicho mkononi, hali sharti lasema kuwa jambo liwe la namna ambayo msomaji mwenyewe akitaka kulithibitisha ataweza. Kauli ya kutendeka inalibeba hilo vizuri. Mwandishi wa riwaya wa Marekani, Philip Roth, alilijua sharti hili kwa uchungu. Makala ya Wikipedia kuhusu riwaya yake iliyotoka mwaka 2000 yalisema kuwa inadaiwa mhusika wake mkuu alitokana na mtu fulani. Roth akataka maneno hayo yaondolewe, akaambiwa kuwa neno lake peke yake halitoshi, panahitajika chanzo kingine. Mnamo Septemba 2012 akachapisha barua ya wazi katika jarida la The New Yorker, akieleza ni nani hasa aliyemfanya aiandike riwaya ile. Hapo barua ikawa chanzo kilichochapishwa, na maelezo yake yakaingizwa. Msomaji aweza kucheka. Lakini afikirie kinyume chake: kama kila mtu angepokewa neno lake juu ya nafsi yake, ni wasifu upi wa waziri au mfanyabiashara ungebaki wa kuaminika?

Nako upande wa pili wa jambo hili ulionekana mwaka 2005, nao haukuchekesha. Mtu asiyetaja jina aliandika katika wasifu wa John Seigenthaler, mwanahabari wa Marekani aliyepata kuwa msaidizi wa Robert Kennedy, kwamba aliwahi kushukiwa kuhusika na kuuawa kwa Kennedy wote wawili, John na Robert. Ulikuwa uzushi mtupu, nao ukakaa hapo zaidi ya miezi minne bila ya kutenguliwa. Seigenthaler alikwenda kulalamika hadharani katika gazeti la USA Today mwezi Novemba. Muda mfupi baadaye wasiojiandikisha wakazuiwa kuanzisha makala mapya katika Wikipedia ya Kiingereza, na ikaandikwa kanuni ya pekee kuhusu wasifu wa watu walio hai: neno lolote lenye ubishi lisilokuwa na chanzo madhubuti huondolewa mara moja, na majadiliano hufuata baadaye. Hapa tunawasihi wafasiri watenganishe "uharibifu", kama vile matusi na herufi za ovyo ambazo kila mtu huziona, na "uzushi", ambao umevaa nguo za ukweli.

Lakini majadiliano marefu kupita yote hayahusu uzushi. Huhusu sentensi ya kwanza ya wasifu, ile inayosema mtu ni wa wapi. Wahariri wamevutana kwa miaka juu ya Chopin na Tesla. Kwetu sisi swali lilikuja nyumbani tarehe 7 Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah alipotangazwa kuwa mshindi wa Nobeli ya fasihi, na watu wakaulizana mitaani kama ni Mtanzania au si Mtanzania. Wikipedia ya Kiingereza humtaja kuwa mwandishi wa Uingereza aliyezaliwa Tanzania. Atakayeyaweka maneno hayo katika Kiswahili ana mitego mitatu mbele yake.

Mtego wa kwanza ni wa tarehe. Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, wakati huo ikiwa dola ya Sultani chini ya himaya ya Waingereza. Nchi iitwayo Tanzania ilitokana na Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964. Aliyezaliwa mwaka 1948 hakuzaliwa Tanzania, bali amezaliwa mahali ambapo leo ni Tanzania. Basi "mzaliwa wa Zanzibar" ni sahihi zaidi na ni fupi zaidi. Mfasiri achunge tu asiandike "mzalia", kwani pwani neno hilo zamani lilimhusu mtumwa aliyezaliwa huku huku, tofauti na yule aliyeletwa mateka.

Wa pili ndio mbaya kuliko yote. Kiswahili kina neno moja tu, Mwingereza, kwa mtu wa kabila la Kiingereza na kwa raia wa dola nzima ya Uingereza. "Mwandishi Mwingereza mzaliwa wa Zanzibar" humfanya msomaji amwone mtoto wa afisa wa kikoloni. Hapo hapana dawa ila kutumia "raia wa Uingereza", ingawa sentensi hurefuka.

Wa tatu ni wa kuchanganya "uraia", "utaifa" na "asili". Uraia ni jambo la sheria, nalo huthibitika kwa hati. Tena sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Asili ni ya wazee wa mtu. Utaifa, kama watu wanavyoutumia neno hilo, umekaa kati ya hayo mawili, na ndipo ugomvi hutokea, maana mmoja husema habari ya pasipoti na mwenzake husema habari ya moyo. Tunashauri "utaifa" usitumiwe kabisa katika sentensi ya kwanza. Mhariri aandike mahali pa kuzaliwa, aandike uraia, kisha amwachie msomaji.

Mivutano ya namna hii haimalizwi kwa kura. Wahariri hutoa hoja, na uzito wa hoja ndio unaotazamwa, si idadi ya mikono. Waliofasiri hali hiyo "muafaka" wamesikika vibaya Zanzibar, ambako neno hilo limebeba kumbukumbu ya mapatano ya vyama mwaka 1999 na 2001. "Maafikiano" yanatosha, nayo yana mlio wa kutendana.

Limebaki neno moja lililotushinda. Maandishi ya mtu aliye mbali na jambo, anayeeleza na kupima yale yaliyosemwa na wahusika, wengine huyaita "chanzo cha pili". Mwanafunzi akisoma hivyo hudhani anatakiwa kutaja vyanzo viwili, na tumeona kazi ambamo cha kwanza ni jarida na cha pili ni jarida lile lile ukurasa mwingine. "Chanzo cha upili" hukumbusha shule. Walimu wa historia, ambao wamekuwa na tatizo hili kwa muda mrefu kuliko sisi, tunawaomba watuandikie wanavyosema darasani, ili kamati ilizungumze neno hili katika kikao kijacho.